Kutafuta chanzo cha msimbo wa sensa ya kilango cha hewa kwenye pikapu iliyobadilishwa injini

Taa ya injini inapowaka na mashine ya kupimia ikaonyesha msimbo wa sensa ya kilango cha hewa, kama P0122, P0123 au P2135, uamuzi wa haraka katika gereji nyingi ni kununua sensa nyingine. Kwenye gari ambalo nyaya zake hazijaguswa tangu litoke kiwandani, uamuzi huo unaweza kubahatisha. Kwenye pikapu iliyobadilishwa injini, ikachomelewa bodi ndefu zaidi kwa ajili ya kubeba zabibu za Mpunguzi au mahindi ya Kibaigwa hapa Dodoma, kisha ikaongezewa taa za mbele na redio kubwa, uamuzi huo mara nyingi humaliza fedha za mwenye gari huku taa ikiendelea kuwaka. Msimbo hautaji kifaa kilichoharibika. Hutaja sakiti ambayo kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, imeona volti zake hazikubaliki, na ndani ya sakiti hiyo mna sensa, plagi, nyaya, eathi (njia ya umeme kurudi upande hasi) na kontrolboksi yenyewe. Gari likishafunguliwa na kuungwa upya, kinachostahili kushukiwa kwanza ni kile kilichopita mikononi mwa mtu, yaani maungio, eathi na vifaa vilivyotoka kwenye magari mawili tofauti.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kufika kwenye chanzo kwa kupima. Vifaa vinavyohitajika si vingi: mashine ya kusoma misimbo inayoweza kuonyesha data wakati injini ikifanya kazi, multimita ya dijitali, pini nyembamba za kuchomeka nyuma ya plagi, tochi, na mchoro wa nyaya wa injini iliyomo ndani ya gari. Mchoro wa gari lenyewe hautasaidia kama injini imetoka kwenye gari jingine.

Sensa inavyofanya kazi

Kilango cha hewa, ambacho mafundi wengi hukiita throto, ni kisahani kinachozunguka ndani ya njia ya hewa na kuruhusu hewa nyingi au kidogo kuingia kwenye injini. Sensa iliyofungwa kwenye ekseli ya kisahani hicho huiambia kontrolboksi kimefunguka kwa kiasi gani. Sensa ya kawaida ina nyaya tatu: mmoja huleta volti 5 kutoka kontrolboksi, mwingine ni eathi inayorudi kontrolboksi, na wa tatu hupeleka taarifa. Kisahani kikiwa kimefungwa, waya wa taarifa huwa na takribani volti 0.5 hadi 0.9, kikifunguliwa kabisa, hupanda hadi takribani volti 4 au zaidi kidogo, na kati ya hapo lazima volti zipande taratibu bila kuruka wala kukatika. Vipimo kamili hutofautiana kwa kila injini, kwa hiyo kitabu cha injini ndicho chenye neno la mwisho.

Injini za zamani huvuta kisahani kwa kebo kutoka kwenye eksileta, yaani kanyagio la resi. Injini mpya zaidi, kama 2TR-FE ya petroli iliyomo kwenye Toyota Hilux nyingi, hazina kebo: eksileta ina sensa zake, kontrolboksi inasoma mguu wa dereva, kisha mota ndogo inazungusha kisahani. Mifumo hii huwa na sensa mbili kwenye throto na mbili kwenye eksileta ili kila moja imthibitishe mwenzake. Zikipingana, kontrolboksi hukata umeme wa mota na kuliacha gari litembee kwa resi ndogo, hali ambayo dereva huieleza kwa kusema gari limekuwa zito na halipandi.

Kwa gari la dizeli, tahadhari moja inahitajika. Injini za dizeli za umeme kama 1KD na 2KD hufuata sensa ya eksileta katika kupima mafuta, na kilango cha hewa kilichopo hutumika kwa kazi nyingine, kama kusaidia moshi unaorudishwa kwenye injini na kuizima injini bila mtikisiko. Mwenye gari akisema “sensa ya resi” huku injini ni ya dizeli, mara nyingi tatizo liko kwenye kanyagio, wala si kwenye throto.

Kusoma msimbo bila kuufuta

Soketi ya kupimia ina matundu 16 na kwa kawaida iko chini ya dashbodi upande wa dereva. Kabla ya kuchomeka mashine kwenye lori kubwa, hakikisha mashine hiyo inakubali volti 24, kwa kuwa nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa volti 12 tu. Andika misimbo yote inayoonekana, hata ile inayodhaniwa haihusiki, pamoja na data iliyohifadhiwa wakati kosa lilipotokea: kasi ya gari, mzunguko wa injini, joto la maji na volti za betri. Usifute chochote kabla ya kuandika. Data hiyo inaweza kukueleza kama kosa lilitokea injini ikiwa baridi asubuhi au ikiwa imepata moto barabarani, na ikishafutwa hairudi.

P0122 humaanisha volti za taarifa ziko chini mno, na P0123 humaanisha ziko juu mno. P0222 na P0223 ni hayo hayo kwa sensa ya pili. P0121 hujitokeza pale volti ziko ndani ya mipaka lakini hazilingani na mambo mengine, kama kiasi cha hewa kinachoingia. P2135 humaanisha sensa mbili za throto hazikubaliani, na P2138 humaanisha hivyo hivyo kwa sensa za eksileta. Fundi akichanganya hizi mbili za mwisho, atatumia siku nzima chini ya boneti ilhali kosa liko chini ya miguu ya dereva.

Ikiwa pamoja na msimbo wa kilango umeona misimbo ya sensa nyingine mbili au tatu, usianze kuzitafuta moja moja. Hiyo ni dalili kubwa kwamba zinashiriki waya wa volti 5 au waya wa eathi, na kosa liko kwenye huo wa pamoja.

Historia ya gari

Mhoji mwenye gari kwa heshima na kwa undani, kwa sababu majibu yake yana thamani kuliko kipimo chochote cha mwanzo. Injini ilitoka kwenye gari gani, na kontrolboksi ilikuja pamoja nayo au ilitafutwa baadaye? Eksileta ni ya gari hili au ya injini hiyo? Nyaya zilirefushwa? Je, tatizo lilianza baada ya kazi fulani, kama kuchomelea bodi, kufunga taa za ziada, kuweka kifaa cha kufuatilia gari au kile cha kuongeza wepesi wa eksileta?

Swali la kuchomelea lina uzito wa pekee hapa kwetu, ambako bodi za pikapu hurefushwa na kuimarishwa mara kwa mara. Mashine ya kuchomelea ikitumika kwenye chasisi huku betri na kontrolboksi zikiwa zimeunganishwa, umeme wake hutafuta njia ya kurudi kupitia eathi za gari, na unaweza kuharibu sensa au kontrolboksi yenyewe. Kama tatizo lilianza siku hiyo hiyo, andika jambo hilo pembeni.

Uliza pia kuhusu msimu. Kosa linalojitokeza wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, hunielekeza kwenye plagi zilizoingia maji. Kosa la kiangazi, baada ya safari ndefu kwenye barabara ya vumbi, hunielekeza kwenye maungio yaliyolegea kwa mtikisiko na kwenye throto iliyochafuka.

Betri na eathi: sehemu inayostahili muda mwingi

Pima betri injini ikiwa imezimwa kwa muda; iliyojaa vizuri husoma takribani volti 12.6. Washa injini, na altaneta, yaani jenereta ya gari, inapaswa kupandisha hadi kati ya 13.5 na 14.7. Kisha weka multimita kwenye kipimo cha umeme wa kubadilika, yaani AC, hapo hapo kwenye betri. Ukipata zaidi ya nusu volti, daiodi za altaneta zinastahili kuchunguzwa kabla ya kuendelea, kwani mawimbi hayo huchafua taarifa za sensa zote.

Baada ya hapo fika kwenye eathi, mahali ambapo pikapu zilizobadilishwa injini hukosewa zaidi. Injini mpya inapofungwa, waya mnene wa eathi kati ya injini na chasisi husahaulika, au hufungwa kwenye chuma chenye rangi, au hubadilishwa na waya mwembamba uliokuwa karibu. Weka pini nyeusi ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri na nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, kisha washa injini, taa zote na feni. Upotevu wa volti haupaswi kuzidi 0.1. Ukipata 0.3 au 0.5, safisha na kufunga eathi hizo upya kwanza, kisha soma msimbo tena.

Kuna kosa la pili ambalo limejificha zaidi. Waya wa eathi wa sensa haukukusudiwa kufungwa kwenye chuma cha gari. Unapaswa kurudi kwenye pini yake maalumu ya kontrolboksi. Fundi aliyerefusha nyaya, alipokuta waya wa eathi umekatika, huweza kuufunga kwenye bolti iliyo karibu, na gari likawaka vizuri. Tatizo huonekana baadaye. Taa na feni zikivuta umeme, chuma cha gari hupanda volti kidogo ikilinganishwa na kontrolboksi, na karibu kiasi hicho chote huongezeka kwenye taarifa ya sensa. Sensa iliyokuwa inasoma 0.75 kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila resi kukanyagwa) sasa inasoma 1.05, na kontrolboksi inaamini dereva amekanyaga resi. Sensa mpya haitabadilisha chochote hapo.

Kulithibitisha hilo ni rahisi. Zima gari, toa nguzo hasi ya betri, chomoa plagi za kontrolboksi na plagi ya sensa ya kilango, kisha pima mwendelezo, yaani kama umeme unaweza kupita, kati ya waya wa eathi wa sensa na chuma cha gari. Kontrolboksi ikiwa imechomolewa, pasiwepo mwendelezo wowote. Multimita ikilia, waya huo umefungwa kwenye chuma mahali fulani, na kazi yako ni kuufuata hadi ulipofungwa. Ni lazima kontrolboksi iwe imechomolewa kwa sababu ndani yake eathi ya sensa na eathi ya gari hukutana, na bila kuichomoa utasoma mwendelezo hata kwenye gari lisilo na kosa.

Kupima kwenye plagi ya sensa

Rudisha kila kitu, chomoa plagi ya sensa, weka swichi oni bila kuwasha injini, na pima kati ya waya wa volti 5 na waya wa eathi ndani ya plagi. Unapaswa kupata kati ya 4.8 na 5.2. Ukipata chini ya hapo au usipate kabisa, chomoa moja baada ya nyingine sensa zinazoshiriki waya huo, kama sensa ya eksileta na ya mgandamizo wa hewa, huku ukitazama multimita. Volti zikirudi ghafla, sensa uliyochomoa mwisho, au waya wake, ndiyo inayovuta umeme huo. Kwenye Toyota nyingi, waya wa volti 5 ukigusana na eathi kontrolboksi hushindwa kufanya kazi: taa ya injini haiwaki hata swichi ikiwa oni, na mashine ya kupimia haipati mawasiliano. Wapo waliobadilisha kontrolboksi nzima kwa sababu ya sensa moja iliyokuwa na hitilafu ndani yake.

Ikiwa volti 5 na eathi ni sawa, angalia waya wa taarifa. Plagi ikiwa imechomolewa na mashine ikionyesha data, tumia kipande kifupi cha waya chenye fyuzi ndogo kuunganisha tundu la taarifa na tundu la volti 5. Mashine inapaswa kuonyesha karibu volti 5. Liunganishe tundu la taarifa na la eathi, na inapaswa kuonyesha karibu sifuri. Mashine ikifuata unachofanya, waya na kontrolboksi ni vizima na sensa ndiyo inayoshukiwa. Isipofuata, sensa haina hatia, na kosa liko kati ya plagi hiyo na kontrolboksi. Mtihani huu mmoja, ambao hauchukui hata dakika tano, ndio unaotenganisha gharama ya sensa na gharama ya kipande cha waya.

Sasa rudisha plagi na upime taarifa kwa nyuma huku ukifungua kilango polepole. Kwenye throto ya kebo zungusha kwa mkono. Kwenye throto ya umeme mwombe mtu akanyage eksileta swichi ikiwa oni. Usiingize kidole kwenye throto ya umeme swichi ikiwa oni, kwa sababu mota inaweza kukifunga kisahani ghafla na kwa nguvu. Multimita ya mshale, kama bado unayo, huonyesha mruko wa volti vizuri zaidi kuliko ya dijitali, na mashine inayochora mstari ni bora kuliko zote mbili. Zingatia zaidi robo ya kwanza ya mwendo, kwani sensa ya kusuguana, yenye mguso unaoteleza ndani yake, huchakaa hapo kabla ya kwingine, sehemu ambayo dereva hukaa muda mrefu. Unapopima, tikisa fungu la nyaya kuanzia kwenye plagi hadi ukuta wa injini. Namba zikiruka unapogusa ungio fulani, umepata.

Kupima ukinzani kwa omu kunafaa tu kwa sensa ya kusuguana, ikiwa imechomolewa. Sensa nyingi mpya hutumia sumaku, na kuzipima kwa omu hakukupi jibu la maana.

Pale sensa mbili zinapopingana

Kwenye throto nyingi za umeme za Toyota, kisahani kikiwa kimefungwa sensa ya kwanza husoma kati ya volti 0.5 na 1.1, na ya pili kati ya 2.1 na 3.1; zote mbili hupanda pamoja. Watengenezaji wengine hupanga moja ipande huku nyingine ikishuka, hivyo jumla ya volti zake inakuwa takribani 5 wakati wote. Jua kwanza injini yako ni ya aina ipi.

P2135 kwenye Toyota ina siri moja inayosaidia sana: mojawapo ya masharti ya kuuwasha ni volti za sensa zote mbili kuwa karibu sawa kabisa. Sensa mbili zilizotengenezwa ili zitofautiane haziwezi kusoma sawa kwa uchakavu wa kawaida. Kinachozifanya zisome sawa ni nyaya mbili za taarifa kugusana, na kwenye gari lililorefushwa nyaya, mahali pa kwanza kufungua ni ungio lililozungushiwa tepu. Tepu ya umeme hulainika kwa joto la injini, gundi yake hutiririka, na maungio mawili yaliyowekwa sambamba hukutana. Maungio yakipishanishwa, kila moja likiwa mbele ya jingine, hayawezi kugusana hata tepu ikiachia.

P2138 kwenye eksileta hupimwa kwa njia ile ile. Toyota nyingi husoma takribani 0.5 hadi 1.1 kwa sensa ya kwanza na 1.2 hadi 2.0 kwa ya pili mguu ukiwa umeachia. Eksileta iliyotoka kwenye gari la aina nyingine inaweza kuingia kwenye plagi vizuri kabisa na bado ikatoa volti ambazo kontrolboksi haizitambui. Kama kuna kifaa cha kuongeza wepesi wa eksileta, kiondoe kabisa na urudishe plagi ya asili kabla ya kupima chochote.

Msimbo wa P0121 na mwinuko wa Dodoma

P0121 huhitaji kufikiri kabla ya kupima. Angalia kwanza kama kuna hewa inayopenya baada ya kilango, kwenye gasketi au mpira uliopasuka wakati wa kufunga injini, kisha kama throto ina uchafu mweusi. Katika kulinganisha data, kumbuka kwamba Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Sensa ya mgandamizo wa hewa, swichi ikiwa oni na injini imezimwa, itasoma karibu kilopaskali 88 au 89 wala si 101 kama Dar es Salaam. Hiyo ni afya, na sensa hiyo isibadilishwe.

Throto isafishwe kwa dawa yake, ikipuliziwa kwenye kitambaa wala si moja kwa moja kwenye sensa na mota. Usiguse skrubu ya kizuizi cha kisahani, kwani imepimwa kiwandani. Baada ya kusafisha, sailensa inaweza kupanda hadi kontrolboksi ijifunze upya, na utaratibu wa kuifundisha hutofautiana kwa kila mtengenezaji.

Kutengeneza na kuthibitisha

Kipande cha waya kilichoharibika kikatwe na kubadilishwa kwa waya wa unene ule ule, kiungwe kwa risasi, kifunikwe kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, na fungu lifungwe mbali na bomba la moshi na mahali linapoweza kusuguliwa na chuma. Taa za ziada zipewe rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), fyuzi na eathi yao inayofika kwenye betri, wala zisiazime eathi ya injini. Ikibidi sensa ibadilishwe, ile yenye matundu marefu ya bolti irekebishwe kwa volti za kitabu kisahani kikiwa kimefungwa, kisha bolti zikazwe huku ukitazama multimita, maana kukaza pekee huweza kuisogeza.

Futa misimbo, kisha rudia hali iliyoandikwa kwenye data ya mwanzo. Kama kosa lilikuja injini ikiwa na moto na taa zikiwaka, jaribu jioni, taa zote zikiwa zimewashwa, kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo, mashine ikiwa imechomekwa na msaidizi akiitazama badala ya dereva. Volti za sailensa zisibadilike taa zinapowashwa na kuzimwa, na kusiwe na msimbo unaosubiri (uliorekodiwa kabla taa haijawaka) gari linaporudi gereji. Hatimaye chora kwenye karatasi mahali kila ungio lilipo na rangi ya nyaya zilizotumika, na umkabidhi mwenye gari aiweke kwenye droo ya dashbodi, kwa sababu fundi atakayelifungua gari hilo baadaye hataipata taarifa hiyo kwenye kitabu chochote.